Kitabu cha Kufunga Dimba: Namna ya Kupima Mwisho wa Riwaya za Kuchekesha

Wasomaji wengi hukipima kitabu cha mwisho cha mfululizo kwa jinsi mioyo ilivyowauma walipokifunga. Wakilia, wanasema mwandishi ameweza. Wakikasirika kwa kuwa kipenzi chao ameuawa, wanasema ameharibu. Lakini machozi ni rahisi kuyapata. Ukimkuza msomaji pamoja na mhusika mmoja kwa miaka kumi kisha ukamuua mhusika huyo, msomaji atalia hata kama sura yenyewe imeandikwa ovyo. Kwa riwaya za ajabu zinazowachekesha vijana, ambazo ndizo ninazozizungumzia hapa, kipimo hicho kinapotosha zaidi, kwa sababu ndani yake kuna kazi ngumu inayofanyika chini kwa chini: kicheko na hatari vinatakiwa vichotwe kisima kimoja. Mwisho ukivitenganisha, hata vitabu vilivyotangulia vinaanza kupwaya.

Mfano wangu ni Artemis Fowl, vitabu vinane vya Eoin Colfer wa Ireland, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Wexford kabla hajawa mwandishi maarufu. Cha kwanza kilitoka mwaka 2001, na cha mwisho, The Last Guardian, mwaka 2012. Naupenda mfululizo huu kwa dhati, na mwisho wake ulinivunja moyo. Nadhani kuvunjika moyo huko kunaweza kuelezwa kwa hoja, na mtu akishazielewa hoja zenyewe anaweza kupima nazo mfululizo wowote wa aina hii.

Kabla ya kukifungua kitabu cha mwisho, rudia cha kwanza. Humo ndimo mwandishi alimotoa ahadi, na huwezi kumdai ahadi usiyoikumbuka. Artemis ni mvulana wa miaka 12, mrithi wa ukoo wa wahalifu, mwenye akili kuliko watu wazima wote wanaomzunguka. Baba yake amepotea, mama yake amerukwa na akili kwa huzuni, na mali ya ukoo imepungua. Anagundua kwamba viumbe wa kichawi wa hadithi za kale wapo kweli, wamejificha chini ya ardhi, na wana polisi, silaha na mitambo inayoipita yetu kwa mbali. Anaamua kumteka mmoja wao na kudai tani moja ya dhahabu. Colfer mwenyewe alikieleza kitabu hicho kuwa ni filamu ya Die Hard iliyotiwa viumbe wa kichawi.

Sasa tazama anavyomteka. Viumbe hawa wakiishiwa nguvu za uchawi, hawana budi kuchuma tunda la mwaloni wa kale ulioota penye kona ya mto, mbalamwezi ikiwa pevu, kisha walizike mbali na pale walipolichuma. Kanuni hiyo ni ya tangu enzi, nao hawajaibadilisha. Artemis ameisoma katika kitabu chao kitakatifu alichokinakili kwa hila, akaorodhesha sehemu zenye miti hiyo, na sasa anakesha gizani na mlinzi wake Butler, usiku baada ya usiku. Kapteni Holly Short, polisi hodari aliyeiahirisha ibada hiyo kupita kiasi, anatua na mabawa yake ya mitambo, anainama kuchuma tunda, na Butler anamlenga kwa sindano ya usingizi. Tukio hili linachekesha kwa sababu ileile inayolifanya litishe: ustaarabu wenye silaha za leza umeangushwa na mtoto aliyesoma vizuri na akawa na subira. Msomaji aliyelelewa na hadithi za Sungura na Abunuwasi anaipata ladha hiyo mara moja. Tofauti ni kwamba Abunuwasi hana kitabu cha mwisho, kwa hiyo hadaiwi chochote.

Ahadi ya Colfer, basi, ilikuwa hii: kwamba hila itashinda nguvu, kwamba kanuni za ulimwengu wake hazitapindishwa, na kwamba mvulana huyu ni mhalifu kweli. Filamu iliyotolewa na Disney mwaka 2020 iliikata ahadi hiyo kwenye mzizi kwa kumfanya Artemis mtoto mwema tangu mwanzo, na ndiyo maana haikuwafurahisha waliovisoma vitabu.

Kipimo cha kwanza ni kuuliza kila kichekesho kina kazi gani. Mulch Diggums, kibete mwizi, anachimba njia kwa kuitegua taya yake, kumeza udongo na kuutolea nyuma. Katika kitabu cha kwanza anaingia nyumbani kwa Artemis kwa njia ya chini, na Butler, jitu lililofunzwa kuua, anamkamata. Mulch anafungua kifuniko cha nyuma cha suruali yake, na upepo uliokusanyika tumboni unamrusha Butler hewani. Ni utani wa watoto wa darasa la nne, sikatai. Lakini tayari tumeshaambiwa jinsi tumbo la kibete linavyofanya kazi, tumemwona akimeza udongo kurasa kadhaa, na upepo ule ndio unaomwokoa. Kitoe kichekesho hicho na msuko mzima unakatika. Kichekesho cha namna hii nakiita kichekesho chenye ajira.

Katika The Last Guardian vichekesho vingi vimepoteza ajira. Wahusika wanarushiana maneno ya mzaha huku watu wakifa, na ukiyafuta maneno hayo hakuna kinachobadilika isipokuwa kurasa kupungua. Ukitaka kujaribu, chukua penseli, pitia sura moja ya katikati na uweke alama kwenye kila mzaha ambao hakuna mhusika angepungukiwa kitu kama usingesemwa. Fanya vivyo hivyo kwenye sura ya kitabu cha kwanza. Tofauti utaiona kwa macho.

Sisemi kwamba kitabu kizima kiko hivyo. Wapo wapiganaji wa kale waliokufa, ambao roho zao zinafufuka na kuingia katika miili ya walio karibu, wakiwemo Myles na Beckett, wadogo zake pacha wa Artemis. Unamsikia mtoto mdogo akinguruma lugha ya vita vya miaka elfu kumi iliyopita, huku mwili wake ukitaka mambo ya kitoto. Hapo unacheka na unaogopa kwa pamoja, maana Artemis hawezi kupigana na adui huyo bila kumdhuru mdogo wake. Na Mulch anapotokea mgongoni mwa zimwi, msomaji wa zamani anakumbuka lile zimwi alilopigana nalo Butler kitabu cha kwanza akiwa amevaa deraya ya chuma. Kurasa hizo zinaonyesha kwamba mkono wa Colfer haukuwa umesahau kazi.

Kanuni sitazikalia sana, ingawa ndizo wanazozipigia kelele mashabiki. Kitabu kinaanza kwa kuuawa kwa nafsi ya zamani ya Opal Koboi, adui wa mfululizo huu, yule kijana aliyeletwa kutoka wakati uliopita katika The Time Paradox ya mwaka 2008. Kwa kuwa amekufa kabla ya kuyafanya aliyoyafanya, vyombo vyote vya kampuni yake vinalipuka. Lakini matendo yake mengine yanabaki kama yalivyo, na kila mtu anayakumbuka. Wengine wanasema hilo peke yake linakiua kitabu. Mimi nasema safari za wakati huacha tundu karibu kila zinapotumiwa, na msomaji mwungwana huziba macho kidogo. Kosa zito ni jingine. Mlipuko huo unazima mitambo ya dunia nzima, ndege zinaanguka, miji inaingia gizani, halafu hadithi inahamia kwenye shamba la akina Fowl na kukaa humo karibu usiku mzima. Msiba wa mabilioni ya watu umetumika kama kishindo cha kufungulia tamthilia, kisha ukawekwa kando. Mwandishi akikuonyesha maafa makubwa kuliko anayoweza kuyabeba, kicheko chochote kinachofuata kinasikika kama kicheko cha mtu asiyejua matanga yako nyumba ya jirani.

Opal mwenyewe ni adui wa vitabu vinne kati ya vinane. Mara ya kwanza, mwaka 2002, kiburi chake kilichekesha na kutisha. Mara ya nne amebaki na jambo moja tu, kutaka kuitawala dunia, na jambo hilo lingeweza kutakwa na adui yeyote. Adui wa kitabu cha mwisho anatakiwa amshike shujaa pale pale alipokuwa dhaifu kwenye kitabu cha kwanza. Udhaifu wa Artemis ulikuwa tamaa na majivuno ya akili. Opal angeweza kumjaribu kwa hayo, kwani naye ni mwerevu mwenye majivuno, lakini kitabu hakiwaketishi wawili hao kwenye mchezo wa akili unaowastahili.

Nimefika kwenye kipimo ninachokithamini kuliko vyote, nacho ni gharama. Katika riwaya ya kuchekesha, msomaji hufika mahali akaamini kwamba hakuna baya litakalotokea, kwa kuwa kila hatari inaishia kwenye kicheko. Ni lazima mwandishi, angalau mara moja, alipishe gharama isiyorudishwa. Bila hivyo hatari inakuwa mapambo.

Colfer alijua kufanya hivyo, na hilo ndilo linalouma. Katika The Eternity Code ya mwaka 2003, Butler anapigwa risasi na kufa. Artemis anamgandisha kwenye barafu mpaka Holly anapofika kumponya kwa uchawi. Anapona, ndiyo, lakini anaamka amezeeka miaka mingi kwa usiku mmoja, na nyuzi za fulana yake ya kuzuia risasi zimejishona ndani ya kifua, hivyo kupumua kwake hakuwi kama zamani. Mtu amerudi, na gharama imebaki mwilini mwake kwa vitabu vyote vinavyofuata. Mwaka 2006, katika The Lost Colony, Artemis na Holly wanatoka safarini kila mmoja akiwa na jicho moja la mwenzake. Nayo yamebaki.

Halafu kuna kifo cha Julius Root katika kitabu cha nne, The Opal Deception, cha mwaka 2005, sura ambayo ningempa mwandishi yeyote anayejifunza kazi hii. Root ni mkuu wa polisi, mvuta sigara, mzee wa kufoka. Uso wake unaiva kwa hasira hadi vijana wake wamempa jina la kiazi chekundu, na utani huo umerudiwa tangu kitabu cha kwanza. Ndani ya pango, Opal anamfunga bomu kifuani. Anamwambia Holly kwamba kuna sehemu moja ndogo kwenye kisanduku hicho ambayo akiilenga barabara, bomu litazimika. Holly ni mlenga shabaha hodari. Analenga, anapiga, na bomu halizimiki, kwa sababu Opal alikuwa anamchezea. Zimebaki sekunde. Mzee aliyefoka vitabu vitatu mfululizo anamwambia Holly, kwa upole, abaki salama. Basi. Upole huo unauma kwa sababu tumecheka ukali wake miaka yote hiyo, na utani wa uso mwekundu ndio ulioandaa msiba. Root hafufuki. Holly anashukiwa mauaji, mkuu mpya hamwamini, na anaiacha kazi aliyoipigania kuliko mwanamke yeyote kabla yake.

Ukitoka hapo, soma mwisho wa The Last Guardian. Artemis anajitoa mhanga kuukomesha uovu wa Opal, naye anakufa. Kwa upande wa safari ya mhusika, hatua hiyo ni sahihi kabisa, na nampa Colfer haki yake: mvulana aliyemteka mtu kwa ajili ya dhahabu sasa anatoa uhai wake bila malipo. Kama kitabu kingekuwa na ujasiri wa kukaa na kifo hicho, ningekiweka karibu na kitabu cha nne. Lakini kabla ya kufa Artemis alikuwa amembusu Holly kwenye paji la uso. Kutokana na mate yaliyobaki hapo, Foaly, fundi mitambo aliye nusu mtu nusu farasi, anaotesha mwili mpya. Roho ya Artemis imebaki ikizungukazunguka shambani kwao, na baada ya miezi sita inaingia katika mwili huo. Amepoteza kumbukumbu, na Holly anaketi kumsimulia yaliyotokea kuanzia mji wa Ho Chi Minh, pale pale kitabu cha kwanza kilipoanzia.

Kuna wanaoutetea mwisho huo kwa kusema kwamba mbegu yake ilipandwa mapema, na ni kweli. Kitabu cha nne kilituonyesha Opal akitoroka kwa kuacha mwili wa kuoteshwa mahali pake, na kilitueleza kwamba mwili wa namna hiyo ni gamba lisilo na roho. Kwa hiyo kanuni haikuvunjwa. Ninachokilalamikia ni gharama. Uhai umerudishwa. Mwili umerudishwa. Kilichobaki kama malipo ni kumbukumbu, na kumbukumbu Artemis alishazipoteza mwishoni mwa kitabu cha tatu, akazipata zote tena katika cha nne. Msomaji wa vitabu vinane anajua kwamba hata hili litarejeshwa. Dalili ilikuwapo tangu kurasa za mwanzo za kitabu cha nane: katika The Atlantis Complex, mwaka 2010, Artemis aliugua ugonjwa wa akili uliotokana na hatia na kuuchezea uchawi, akawa na nafsi ya pili iitwayo Orion, kijana mwenye mapenzi ya kishairi anayemsifia Holly kama binti mfalme. Wengi wanakidharau kitabu hicho. Mimi nakitetea, kwa sababu Orion anachekesha na papo hapo ni ushahidi kwamba akili kubwa imepasuka. Lakini mapema katika kitabu cha nane daktari anamwambia Artemis amepona. Malipo ya kitabu kizima yamefutwa kabla msomaji hajakaa vizuri.

Naamini, na hii ni dhana yangu tu, kwamba Colfer aliogopa kufunga mlango. Mwaka 2009, katikati ya vitabu hivi, aliandika And Another Thing..., muendelezo wa Hitchhiker's Guide ya Douglas Adams, kwa ridhaa ya mjane wa Adams. Kitabu cha tano cha mfululizo huo, cha mwaka 1992, kilimalizia kwa kuiangamiza Dunia katika kila umbo lake, na Adams mwenyewe alikiri kuwa kilikuwa cha giza mno na akatamani kuandika kingine chenye nuru. Akafariki mwaka 2001 kabla ya kufanya hivyo. Mtu aliyepewa kazi ya kuufungua mlango uliobamizwa na mwenzake anaweza kabisa kuuacha wake wazi.

Lakini kuna njia ya tatu, nayo imekwisha kupitiwa na wengine. Jonathan Stroud aliuonyesha ufundi huo katika Ptolemy's Gate, mwaka 2005, kitabu cha tatu cha Bartimaeus. Bartimaeus ni jini mwenye domo, anayesimulia kwa majivuno na kujaza tanbihi za kejeli chini ya kurasa. Bwana wake Nathaniel amekuwa akimtumikisha kwa ukatili. Mwishoni wanaingia katika mwili mmoja kupambana na adui, na Nathaniel, akijua kwamba atakufa, anamwachilia jini aondoke kabla ya pigo la mwisho. Hakuna anayemrudisha Nathaniel. Domo la Bartimaeus, lililotuchekesha vitabu vitatu, lilikuwa silaha ya mtumwa, na tunalielewa hivyo tunapofika kwenye saa ile ya uhuru wake. Rick Riordan naye, katika The Last Olympian ya mwaka 2009, anamwacha Percy Jackson hai lakini anamfanya akatae uzima wa milele mbele ya miungu wenyewe, akidai badala yake haki za watoto wao waliotelekezwa. Gharama hapo ni ndogo kuliko kifo, na inatosha, kwa sababu Percy ameichagua na haibadilishwi.

Mfano mkubwa kwangu ni The Shepherd's Crown ya Terry Pratchett, kitabu cha tano cha Tiffany Aching. Pratchett alifariki Machi 2015, nacho kikatoka Agosti mwaka huo. Msaidizi wake Rob Wilkins ameeleza mwishoni mwa kitabu kwamba, kama Pratchett angeishi zaidi, angekiandika zaidi. Inaonekana. Vita vya mwisho ni vyepesi, na baadhi ya wahusika wanapita bila kukomaa. Kwa kipimo cha umaliziaji, The Last Guardian kimekamilika kukizidi. Na bado mchawi mkongwe Granny Weatherwax anakufa mapema humo, na sura hiyo inakizidi kitabu chote cha Colfer. Wachawi wa Pratchett wanajua siku yao. Bibi huyu anaisafisha nyumba yake, anajisukia kitanda cha mwisho cha fito za mierebi, anajilaza, na Kifo anapofika wanazungumza kama watu waliokutana kazini mara nyingi. Unatabasamu, kwa sababu anafanya kila kitu kwa ubishi na ukaidi ule ule tuliouzoea, na unasikitika kwa sababu hiyo hiyo. Kisha anabaki amekufa, na kila ukurasa unaofuata Tiffany anahangaika na viatu vikubwa alivyoachiwa.

Kwa hiyo ukipewa kitabu cha mwisho ukipime, usianze na vita vya mwisho. Nenda kwenye kurasa zinazofuata vita. Tafuta ni nani anayebeba mzigo, na kwa kurasa ngapi. Katika The Last Guardian, miezi sita ya Butler na Holly bila Artemis imepitishwa haraka mno, ilhali Butler alimlea mvulana huyo tangu kuzaliwa. Hapo ndipo palikuwa na kitabu. Ningempa Colfer kurasa 60 za Butler katika nyumba ile, na Mulch akijaribu kumchekesha bila kufaulu, na ningemsamehe mwili wa kuoteshwa, pamoja na roho inayozunguka.

Ukivikuta vitabu hivi kwa muuza vitabu vya mtumba na fedha hazitoshi, nunua cha kwanza, cha tatu na cha nne, uvisome kwa mfuatano huo. Cha tano ni cha kuongezea. Cha nane kisome baada ya hivyo vyote, penseli mkononi, na uanzie pale watoto pacha wanapoingiliwa na roho. Vitabu vitatu vya The Fowl Twins, vilivyotoka kuanzia mwaka 2019, vinawahusu Myles na Beckett na vinatoa ahadi nyingine kabisa. Vipimwe kwa ahadi hiyo, visitumiwe kukilipia deni kitabu cha mwaka 2012.